Kuta, Mahame na Usiku wa Wafu

Nyumba ya kale ya Uzigua, nchi ya Wazigua katika maeneo ya Handeni na Korogwe, ilijengwa kwa vitu vilivyopatikana jirani na kiwanja: nguzo za miti migumu, fito, kamba za magome, udongo na nyasi. Jiwe la kuchonga halikutumika, wala chokaa ya kuchoma. Kwa sababu hiyo, anayesafiri leo kutoka Segera kwenda Handeni, au kwa reli kutoka Mnyuzi hadi Mombo, huona nchi ambayo karibu majengo yake yote ni ya juzi: bati, tofali za kuchoma, saruji. Ni rahisi kudhani kwamba kabla ya hayo hapakuwa na kitu. Ukweli ni kwamba Handeni na Korogwe zina historia ndefu ya ujenzi na ya mapambo ya nyumba, ila sehemu kubwa ya historia hiyo imelala chini ya majani, katika viwanja vilivyohamwa ambavyo huitwa mahame.

Umbo la zamani linalokumbukwa zaidi ni msonge, nyumba ya mviringo. Nguzo zilisimikwa kwa duara, fito zikafungwa kwa kulala, na paa la nyasi likashuka chini sana hata aingiaye akalazimika kuinama. Ndani palikuwa na mafiga matatu, na juu yake uchaga wa kuhifadhia mbegu na mahindi. Moshi ulipanda kupitia uchaga huo ukatokea penye nyasi. Ulikausha nafaka, ukafukuza fukusi, ukazuia mchwa, na ukazigeuza fito za paa kuwa nyeusi zinazong'aa. Weusi huo wa masizi ulikuwa pambo la kwanza la nyumba, kwa kuwa paa lisilo na masizi ni paa la nyumba isiyopikiwa. Kwenye milima ya Usambara, kaskazini ya Korogwe, Wasambaa walijenga duara hilohilo wakaliezeka kwa majani na magome ya migomba. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepanda huko Februari 1857 pamoja na John Speke, alizifananisha nyumba hizo na malundo ya nyasi kavu. Nyumba ya pembe nne, yenye paa la mgongo na baraza mbele, ilienea kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, na polepole ikaushinda msonge kila mahali.

Kujenga ilikuwa kazi ya wengi. Wanaume walisimamisha nguzo na kufunga fito. Wanawake walichota maji, wakaukanyaga udongo na kuukandika ukutani. Ukuta uliokandikwa ukikauka hupasuka, hivyo husiribwa mara ya pili kwa udongo laini uliochekechwa, mkono wazi ukipita kwa nusu duara. Hapo ndipo pambo linapoanza. Alama za vidole huachwa makusudi, zikapangwa kwa safu, au hukwanguliwa kwa kijiti kabla udongo haujashika. Kisha huja rangi. Nyeupe hutoka kwenye udongo wa makorongoni, nyekundu hutoka kwenye ardhi yenyewe, ambayo Handeni inayo tele, na nyeusi hutoka kwenye mkaa na masizi. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi kimo cha goti, hupakwa rangi nzito zaidi, kwa sababu matone ya mvua yanayodondoka kutoka paani hurusha tope ukutani na rangi hiyo huficha madoa. Utaratibu huo haujafa. Nyumba nyingi za tofali mjini Korogwe na Chanika, mji wa Handeni, zina mkanda wa rangi ya mafuta chini na chokaa au rangi ya maji juu, na mafundi rangi huupima mkanda huo bila kuuliza.

Sakafu nayo ilikuwa na ufundi wake. Udongo wa kichuguu ulipondwa, ukalowekwa, ukashindiliwa kwa vipande vya gogo, na mwishowe ukapakwa samadi iliyochanganywa na majivu. Sakafu ya namna hiyo haitoi vumbi na huweza kufagiliwa kwa fagio la chelewa kila asubuhi. Vyombo vilikuwa vichache: kitanda cha kamba, vigoda, vinu, mitungi, vibuyu vilivyochorwa kwa kisu cha moto, na mikeka ya ukindu iliyotiwa rangi. Mkeka ndio uliokuwa na thamani kubwa machoni pa mgeni. Aliyetandikiwa mkeka mpya alijua amepokelewa.

Msimu wa kupaka nyumba upya ulikuwa kiangazi, baada ya mavuno, au siku za kuelekea Idi, arusi au kumtoa mwali. Masika yalipokuja, maji yaliufuta mchoro, na mwaka uliofuata mwanamke yuleyule au binti yake alichora mwingine. Sanaa ya namna hii haina sahihi ya mchoraji wala haiwezi kubebwa kwenda makumbusho, na hilo limeiponza. Watafiti wa Kizungu waliopita Uzigua na Usambara tangu mwisho wa karne ya 19 waliandika mengi kuhusu silaha, ngoma na uganga, lakini kuta walizipitia haraka. Kilichowavutia ni vitu vya kushikika. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kizima kuhusu sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika mafunzo ya vijana miongoni mwa makabila ya kaskazini-mashariki ya nchi. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na fundisho lake. Mwali alionyeshwa, akaimbiwa, akafundishwa maana. Sanamu hizo zilifinyangwa na mikono ileile iliyozoea udongo wa kuta, na aghalabu zilionyeshwa ndani ya nyumba, wakati wa usiku, kwa mwanga wa moto, ambapo kivuli cha kitu chenye kimo cha shibiri hujaa ukuta mzima.

Mapambo mengine hayakukusudiwa kuonekana. Kabla ya familia kuhamia, mganga aliitwa kuizindika nyumba. Fingo ilizikwa chini ya kizingiti au kwenye pembe za kiwanja. Zindiko lingine lilining'inizwa juu ya mlango, na katika nyumba za Waislamu karatasi yenye aya za Kurani ilichukua nafasi hiyo au ilikaa pamoja nalo. Mwenye nyumba hakuitenganisha kazi ya mganga na kazi ya mpaka rangi. Zote mbili zilikuwa kuitengeneza nyumba ikalike, na nyumba isiyozindikwa ilihesabiwa kuwa haijakwisha.

Kijiji kizima kilizindikwa pia. Katika karne ya 19, Uzigua ilikuwa nchi ya hatari: njaa kubwa ya miaka ya 1830, biashara ya watumwa, vita vya bunduki. Vijiji vilijificha ndani ya vichaka vinene, vikazungushiwa boma la magogo, miiba na minyaa hai ambayo utomvu wake huunguza macho. Mlango ulikuwa mwembamba na mfupi, ukizibwa usiku kwa magogo. Wengine walijihami kwa maji. Mto Pangani, ambao wenyeji wake huuita Ruvu, una visiwa vidogo katika sehemu za Korogwe, na vijiji kadhaa vilijengwa juu ya visiwa hivyo, Korogwe ya zamani ikiwa mojawapo, na daraja la miti likitolewa adui anapokaribia. Boma za aina hii zilikuwa majengo ya kweli ya kijeshi. Mwishoni mwa 1889 na mwanzoni mwa 1890, Bwana Heri bin Juma wa Saadani, aliyeheshimiwa na Wazigua wa bara, aliwapinga wanajeshi wa Hermann von Wissmann kutoka ndani ya boma za miti, na Wajerumani walihitaji mizinga kuzivunja. Zilipovunjwa zilichomwa moto, na leo hakuna hata gogo moja la kuonyesha.

Kupotea kwa majengo ya eneo hili hakukutokea kwa pigo moja. Vuga, mji wa wafalme wa Kikilindi milimani, ndio mfano unaojulikana zaidi, ingawa uko nje kidogo ya mpaka wa Korogwe ya leo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliufikia mwaka 1848 na tena 1852. Burton alikadiria wakazi wake kuwa 3,000. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala hapo hadi alipofariki mwaka 1862. Baada yake wanawe na wajukuu wakapigana, na mwishoni mwa muongo huohuo mji ukachomwa. Ulijengwa upya, kwa maana kujenga mji wa miti na majani ni kazi ya msimu mmoja watu wakiwapo. Mwisho wa karne, chini ya Wajerumani, ukaungua tena, na safari hii haukurudi katika ukubwa wake wa zamani. Watu wa kuujenga walikuwapo. Kilichokosekana ni mfalme mwenye uwezo wa kuwaita. Habari za mji huo na watawala wake zimesalia katika Habari za Wakilindi, kitabu alichoandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili na kupigwa chapa na wamisionari wa Magila, na hadi leo hakuna jengo lolote la Usambara la zama hizo linaloweza kushindana na kitabu hicho kwa kudumu.

Chini ya milima, Mazinde, katika wilaya ya Korogwe, palikuwa na mji wa namna nyingine. Semboja, mwana wa Kimweri, aliacha vilele akakaa tambarare kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro. Aliishi na kuvaa kwa mtindo wa pwani, akiuza na kununua bunduki, nguo na pembe. Nyumba za Mazinde zilikuwa ndizo shule ya mapambo mapya: mlango wa mbao wenye fremu, vitambaa vya kutundika, sahani na vikombe vya kigeni rafuni. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo mwanawe Mputa alinyongwa na Wajerumani. Njia ya misafara ilikuwa inakaribia kufa, maana reli ilikuwa inakuja.

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mji uliifuata stesheni. Korogwe ya kisiwani ikaachwa, na maduka, soko na makazi yakakua nchi kavu, huku Manundu ikawa kitovu cha biashara. Pamoja na reli yalikuja majengo ya mawe na matofali yenye paa za bati zilizoinama sana, baraza pana na madirisha ya mbao, na macho ya watu yakazoea mistari iliyonyooka. Hata hivyo, majengo ya kikoloni nayo hayakuwa ya milele. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitandika reli nyembamba ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni, ili kuunganisha kaskazini na katikati ya koloni lao. Majeshi ya Waingereza chini ya Jan Smuts yaliposhuka kando ya mto Pangani mwezi Juni 1916, madaraja yalilipuliwa, na muda si mrefu Korogwe na Handeni zikabadilisha mabwana. Ile reli ya vitoroli iling'olewa ikatoweka kabisa.

Mkonge ndio ulioacha alama kubwa zaidi. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche 62 tu iliyosalia hai baada ya safari ilizaa mashamba yaliyojaza bonde lote: Magunga, Ngombezi, Kwamdulu, Mnyuzi, Hale, Mazinde. Kila shamba lilikuwa mji mdogo. Juu kilimani ilisimama nyumba ya meneja, yenye veranda, bustani ya maua na miti ya krismasi kando ya njia. Chini ilijipanga kambi ya manamba, vyumba vya safu moja vilivyofanana kwa kila kitu. Kufanana huko kulikuwa kukavu, na wakazi walikupinga kwa njia waliyoijua: walipaka udongo wa rangi juu ya chokaa ya kampuni, wakabandika picha za magazeti, wakapanda maboga na mipapai mlangoni. Uzalishaji wa nchi ulifikia kilele cha tani zipatazo 230,000 mwaka 1964. Kamba za nailoni na plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na katika miaka iliyofuata karakana zikafungwa moja baada ya nyingine. Paa zilizong'olewa bati huanza kuvuja, na ukuta unaovuja hauchukui miaka mingi. Leo katika baadhi ya mashamba hayo mbuzi hulala katika sebule zilizokuwa na sakafu iliyong'arishwa kwa nta.

Pigo la mwisho kwa makazi ya zamani lilitoka kwa serikali huru. Tarehe 6 Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ikafuata mwaka 1975. Kwa nchi nzima, mamilioni ya watu walihamishwa. Lengo lilikuwa jema, yaani shule, zahanati na maji kwa watu waliotawanyika mno, na shule hizo zimesomesha vizazi. Lakini katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi, na hasara hiyo haijawahi kuandikwa ipasavyo. Uzigua ilikuwa nchi ya vitongoji vidogo vya ukoo mmoja, na vingi vilichukua jina la aliyefyeka msitu kwanza. Kwa hiyo ramani ya Handeni imejaa Kwamsisi, Kwamkonje, Kwamagome, Kwamatuku, Kwachaga. Nyumba za watu hao hazipo. Majina yao yamebaki kwa sababu hayakuezekwa kwa nyasi.

Mahame hutambulikana kwa miti. Mwembe uliosimama peke yake porini, msufi, mkwaju uliopandwa na mtu, duara la minyaa isiyozunguka chochote, vigae vya mitungi juu ya ardhi nyekundu, na mawe matatu meusi: hizo ndizo dalili. Karibu nazo yapo makaburi. Ndiyo maana mahame hayakusahauliwa na wenyewe hata baada ya kuhamishwa. Nyumba ilipoanguka, wafu walibaki pale, na waliokuwa hai walikuwa na wajibu wa kurudi.

Wajibu huo ulitimizwa kwa tambiko. Ukoo ulipopatwa na ukame, maradhi au mfululizo wa vifo, wazee walirudi kwenye kaburi la mkubwa wao, wakafagia, wakamwaga pombe na unga, wakachinja, wakawaita waliotangulia kwa majina. Usiku ulikuwa na desturi zake. Njia panda ilikuwa mahali pa kuweka sadaka ya kinyamkela, pepo anayekuja na kimbunga, na watoto walikatazwa kupita hapo baada ya magharibi wala kuokota kuku au yai lililoachwa. Kukatazwa huko, pamoja na hadithi za zimwi zilizosimuliwa mafigani, ndiko kulikowapa watoto wa Uzigua na Usambara hofu tamu ya usiku ambayo watoto wa nchi nyingine huipata kwa njia nyingine.

Moja ya hadithi hizo inastahili kukaa hapa kwa kirefu. Alice Werner, katika kitabu chake cha 1933 kuhusu visasili vya Wabantu, ameieleza hadithi ya Wasambaa kuhusu boga. Watoto wanaocheza shambani wanaliona boga kubwa wanalishangaa, na boga linawajibu kwa sauti ya mtu. Linakua hadi likawa sawa na nyumba, linaanza kuwameza watu, na linamaliza kijiji chote isipokuwa mwanamke mmoja. Boga linajitupa majini. Mwanamke anajifungua mtoto wa kiume, ambaye akikua anauliza baba yake yuko wapi. Anaambiwa, analiita boga, analipiga mishale, analipasua, na watu wote wanatoka wakiwa hai. Hadithi hii ina kijiji kilichopotea chote kwa mara moja na kijiji kinachorudi. Kwa watu ambao mababu zao waliona miji ikichomwa na vijiji vikibebwa kwenda sokoni pwani, haikuwa hadithi ya kuchekesha watoto peke yake.

Boga ndilo pia linalowekwa barazani Marekani kila Oktoba 31, usiku wa Halloween, likiwa limetobolewa macho na meno na kuwashwa mshumaa ndani. Halloween ilitokana na sherehe ya Wakelti wa Ayalandi na Skotilandi ya kufunga mavuno, usiku ambao iliaminika kwamba wafu na viumbe vya usiku hukaribia makao ya watu. Kanisa la Magharibi liliweka sikukuu ya Watakatifu Wote Novemba 1, na mwishoni mwa karne ya 10 abati Odilo wa Cluny akaanzisha kumbukumbu ya Marehemu Wote Novemba 2. Wahamiaji wa Ayalandi waliivusha desturi ya usiku huo bahari ya Atlantiki katika karne ya 19; kwao walichonga mizizi mikubwa ya shambani, na Marekani wakalikuta boga, ambalo ni rahisi zaidi kuchonga.

Korogwe iliupokea upande wa kanisa wa desturi hiyo, na upande wa boga la kuchonga haikuupokea kamwe. Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ilianza kazi Magila katika nchi ya Wabondei mwishoni mwa miaka ya 1860, ikaenea hadi Korogwe na Kideleko karibu na Handeni. Ilikuwa misheni ya Kianglikana yenye mwelekeo wa Kikatoliki, yenye ubani, misa za wafu na kusoma majina ya marehemu. Askofu wake mashuhuri, Frank Weston wa Zanzibar, alifia Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku yenyewe ya Marehemu Wote. Mzee wa Kizigua aliyebatizwa hakuhitaji kuelezwa sana kwa nini wafu huitwa kwa majina mara moja kwa mwaka. Jambo hilo alilijua kabla ya mmisionari. Waislamu wa eneo hili, ambao ni wengi, wana msimu wao: mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, makaburi husafishwa na kuzuriwa, khitma husomwa, na jungu huvunjwa.

Usiku wa vinyago nao ulifika, lakini kutoka kusini. Wamakonde waliokuja kufanya kazi katika mkonge walileta mapiko. Mchezaji hufunikwa mwili wote kwa nguo, usoni akavaa kinyago cha mti chenye chale na pengine nywele za kweli, na watoto na wanawake humkimbia wakipiga kelele za hofu na furaha. Ikitafutwa Halloween ya bonde la Pangani, mapiko ya kambini ndiyo yaliyo karibu nayo zaidi, nayo yana ufundi wa mikono zaidi kuliko vinyago vya plastiki vya madukani.

Wapo Wazigua wanaoijua Halloween yenyewe. Katika njaa na biashara ya watumwa ya karne ya 19, maelfu ya watu wa Uzigua walichukuliwa hadi Somalia, ambako waliotoroka walianzisha vijiji kando ya mto Juba na kuihifadhi lugha yao. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya wazao wao walikimbilia Tanzania na kukaa wilaya ya Handeni, kwanza Mkuyu na kisha Chogo, na wengi wao wakapewa uraia. Wengine, kupitia kambi za Kenya, walipelekwa Marekani kuanzia 2003, wakiwa sehemu ya Wasomali Wabantu zaidi ya 12,000 waliopewa makao katika miji kama Lewiston, jimbo la Maine. Huko watoto wa majirani hubisha hodi wamevaa mavazi ya mizuka wakiomba peremende. Kizigua kinazungumzwa sasa katika nyumba zenye boga barazani, umbali wa bahari moja kutoka kwenye mahame ya mababu.

Handeni yenyewe imepokea wahamiaji wapya. Tangu Juni 2022, familia za Wamaasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, katika nyumba za vyumba 3 zilizojengwa na serikali, zote za ramani moja, kwenye viwanja vya ekari 3. Mpango huo umezua mabishano makali kuhusu hiari na ardhi, na hauwezi kuamuliwa kwa kutazama nyumba tu. Kwa upande wa ujenzi, hata hivyo, badiliko ni kubwa. Nyumba ya Kimaasai hujengwa na kusiribwa na mwanamke, naye ndiye mwenyewe. Nyumba ya Msomera imejengwa na fundi asiyejulikana na kukabidhiwa kwa ufunguo. Ramani hiyo haikumwachia mwanamke ukuta wa kusiriba.

Mapambo ya leo mjini Korogwe na Chanika ni makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, mapazia marefu milangoni, kalenda za benki na za misikiti, picha za harusi zilizofremiwa, dari ya jipsamu kwa mwenye uwezo. Vijijini bado kuna kuta za udongo zilizosiribwa vizuri na kupigwa mkanda mwekundu, na kila mwaka zinapungua. Kupungua huko si lazima kuonekane kama msiba, kwa kuwa bati haliungui kama nyasi na mama hahitaji kuchota maji ya kukandika. Kinachoumiza ni kwamba hakuna anayepiga picha ukuta kabla haujabomolewa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda, bila tangazo la pekee, majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Kwa kipimo hicho ukuta wa udongo hauna nafasi, wala stesheni ya 1902, wala kambi ya manamba, wala mahame ambayo yamebaki miti na vigae. Sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza sehemu nyingine kuwa za kuhifadhiwa. Halmashauri za Handeni na Korogwe zina maofisa utamaduni, na shule zake zina walimu wa historia na wanafunzi wanaotembea kila siku kando ya mahame hayo. Waanze kwa kuandika orodha: jina la mahali, ukoo uliokaa hapo, miti iliyopo, makaburi, na mwaka watu walipohama, wakiwauliza wazee waliozaliwa kabla ya 1960 wakati bado wapo.